Kartoni ya diski chini ya kitanda



Juma lililopita tuliwaahidi habari ya kutengeneza upya mavazi ya masomo, ile shati nyeupe inayochakaa mabegani kabla ya mwaka kwisha. Mtatusamehe, hiyo itangoja. Tangu siku ya posho ya kwanza ya mwezi huu, kila tunapopita sokoni tunaulizwa neno moja: zile diski za mama mjane mliziuza au hamkuziuza? Basi tuandike, ili tusirudie habari mara ishirini.

Kwa wale wanaotusoma kwa mara ya kwanza: siku ya posho ya kwanza ya kila mwezi, kazi ya sabuni ikiisha, wale wanaopenda wanabaki kwa mama mwenzetu mmoja wa Katuba mwenye mashine ya kupiga diski. Kila mmoja analeta diski moja tu, ile anayoisikiliza siku hizi nyumbani, au ile aliyoisikiliza kwa baba yake. Mwenye kuileta anaeleza imetoka wapi na kwa nini anaipenda. Hakuna pombe, ni munkoyo na karanga. Tulianza watu watano. Waume zetu walicheka, wakasema diski ni mambo ya wanaume. Na kweli, katika nyumba nyingi tulizokulia, baba ndiye aliyegusa mashine. Mama alipangusa vumbi juu ya kabati, lakini sindano hakuishika. Mtoto aliyeishika, wote mnajua alichopata.

Mara hiyo ya mwisho tulikuwa kumi na mmoja, na wasichana wawili walikuja na mama zao. Mmoja akauliza swali zuri: kama hii ni rumba, kwa nini juu ya karatasi za diski wameandika jazz? African Jazz, OK Jazz, jazz kila mahali. Tulimjibu kama tunavyojua. African Jazz ya Joseph Kabasele ilianza mwaka 1953, OK Jazz ilianza mwaka 1956, zote Léopoldville. Muziki waliopiga ulikuwa na damu ya Cuba zaidi kuliko ya Marekani, kwa sababu diski za Cuba ziliingia Kongo tangu miaka ya 1930, zile zilizoandikwa GV, na wazee wetu waliposikia ngoma zile waliona kama ni watu wa kwao waliopotea wamerudi. Lakini neno jazz lilikuwa neno la watu wa kisasa, wenye suti na tarumbeta. Ukijiita jazz, ulikuwa umesema wewe si mtu wa nyuma.

Mama mmoja akasema, «Basi ngoja niwape jazz yenyewe», akatoa diski ya Louis Armstrong. Baba yake alikuwa karani hapa mjini, na aliinunua baada ya Armstrong kupita kwetu. Ndiyo, alifika. Mwaka 1960 serikali ya Marekani ilimtuma kuzunguka Afrika na tarumbeta yake. Mwezi wa kumi alipiga Léopoldville, na watu walimbeba juu kwenye kiti kama mfalme. Mwezi wa kumi na moja akaja hapa kwetu, wakati mji ukiitwa bado Elisabethville na Katanga ikiwa imejitenga miezi minne tu. Taabu iliyokuwapo siku hizo wazee wanaijua. Armstrong alikuwa mtu wa New Orleans, na katika mji huo kuna uwanja unaoitwa Congo Square, mahali ambapo watumwa waliruhusiwa kukutana siku ya Mungu kupiga ngoma na kucheza. Jina la nchi yetu limekaa pale tangu zamani. Tulisikiliza upande mmoja wote bila kusema. Sauti yake ni ya kukwaruza, kama mtu mwenye mafua, na hata hivyo hakuna aliyetaka kuikata. Msichana yule akauliza kama hiyo nayo inachezwa. Kambo mmoja akasimama akamwonyesha. Hatutaandika jina lake, ameomba.

Baada ya Armstrong ilipigwa Abeti Masikini. Hapa tungependa kukaa kidogo, kwa sababu wasichana hawakumjua kabisa. Abeti alizaliwa Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, na mwaka 1973, akiwa bado msichana mdogo, aliimba katika jumba la Olympia la Paris. Mwaka uliofuata aliimba Carnegie Hall, New York. Wanawake wenye kuimba walikuwapo kabla yake, kama Lucie Eyenga katika miaka ya 1950, lakini Abeti aliongoza kundi lake mwenyewe, na wanaume wakapiga vyombo nyuma yake. Mama aliyeileta alisema aliiba diski hiyo kwa kaka yake mwaka aliolewa, akaificha ndani ya mfuko wa vyombo vya jikoni. Kaka alijua. Hakuwahi kuidai.

Kisha ikaja Mario, ya Franco, ya mwaka 1985. Na hapa ndipo kelele ilipoanza. Habari yake mnaijua: kijana mwenye diploma nyingi ambaye hataki kazi, anakaa kwa mama mtu mzima mwenye mali, anakula, anavaa, anaendesha gari la mama, halafu anamsumbua. Wengine walisema Franco aliwatetea wanawake. Wengine walisema hapana, aliwachekesha wanaume kwa mgongo wa mama huyo, na katika nyimbo nyingi za wakati ule mwanamke ni mtu wa kulia, wa kuacha au wa kuachwa. Mama mwingine akakata maneno: «Ule Mario iko hata mu avenue yetu, na diploma hana.» Tukacheka mpaka tukakosa kusikia wimbo.

Katikati ya kicheko umeme ukaondoka. Anayejua mashine ya diski anajua inavyokuwa: haikati mara moja, sahani inazunguka polepole zaidi na zaidi, na sauti inashuka chini. Franco akaimba kama mtu anayesinzia, kisha kama ng'ombe, kisha kimya.

Mwenye nyumba hakuhangaika. Aliingia chumbani akatoka na fono ya zamani ya kuzungusha kwa mkono, ile ya sanduku, isiyojua habari za delestaji. Fono hiyo inapiga diski za 78 peke yake, zile nzito zinazopasuka zikianguka. Usiiwekee diski nyingine, mkono wake ni mzito na sindano yake ni ya chuma, itachimba diski ya 45 kama jembe. Diski ya 78 aliyokuwa nayo ni moja tu, na ni Masanga ya Mwenda Jean Bosco.

Kwa huyu hatuhitaji kufundishwa na mtu. Ni mtoto wa Katanga, asili ya Bunkeya, na aliimba kwa Kiswahili hiki hiki chetu. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtu aliyezunguka Afrika na mashine ya kunasa sauti, alimkuta Jadotville, yaani Likasi, akamrekodi. Gitaa moja tu, hakuna kundi. Vidole vyake vinacheza kama watu wawili, mmoja chini anatembea na mwingine juu anakimbia. Baadaye alipiga hata Nairobi, na wapiga gitaa wa kule walijifunza kwake. Upande mmoja wa diski ya namna hiyo unachukua dakika tatu hivi, halafu unazungusha tena mkono. Tulipiga mara nne. Giza lilikuwa linaanza, mbabula ya mwenye nyumba ilikuwa imewaka mlangoni, na watoto wa jirani walikuja kukaa kwenye kizingiti.

Ni wakati huo mama mjane aliposema. Yeye ni mtu wa miaka zaidi ya sabini, huja kwetu mara chache na hasemi sana. Alisema, «Hata miye niko na kartoni. Lakini inaenda siku ya kwanza.»

Habari ilikuwa hivi. Mume wake alifariki zamani. Siku za kilio ndugu za marehemu walibeba redio, viti, na mashine ya diski. Diski zenyewe wakaziacha. «Balisema bila mashine ni sahani tu», alituambia. Akaziweka ndani ya kartoni chini ya kitanda, na zilikaa pale miaka. Sasa mjukuu wake yuko mwaka wa sita wa sekondari, na lazima alipe feza za mtihani wa Leta pamoja na deni la muhula. Masomo ya msingi ni bure tangu mwaka 2019, lakini sekondari haikuingia humo, na sisi tunaofundisha tunawaona kila mwezi wale wanaorudishwa nyumbani. Kijana mmoja anayezunguka kununua diski kwa ajili ya watu wa ng'ambo alikuwa amemwambia: dolari 20 kwa kartoni nzima, bila kufungua.

Mama mmoja kati yetu alikasirika. Alisema hiyo ni mali ya taifa, kwamba rumba yetu iliandikwa na UNESCO mwezi wa kumi na mbili wa mwaka 2021 kuwa urithi wa dunia, na kwamba ni haya kuuza. Mjane akamtazama akamuuliza: «UNESCO njo italipa minerval ya mutoto?» Hakuna aliyemjibu. Kuuza ilikuwa lazima. Sisi tulimwomba jambo moja tu, kwamba tusikilize kwanza.

Kesho yake baada ya misa tulikwenda kwake watu wanne, na mashine tukaibeba juu ya pikipiki, imefungwa ndani ya bulangeti. Kwa bahati umeme ulikuwapo. Diski zilikuwa 46. Tisa zilikuwa zimekufa, zimepasuka au zimepindika kwa joto. Zilizobaki tuliziosha, na hapa tunaandika namna, kwa sababu wengi mnazo nyumbani na mnaziharibu kwa kutaka kuzisafisha. Chukua maji yaliyochemshwa na kupoa, tone moja la sabuni laini ya vyombo, na kitambaa cha pamba kisichoacha nyuzi. Futa kwa kuzunguka, kufuata mistari, wala usikate kutoka katikati kwenda pembeni. Karatasi ya katikati isilowe. Spiriti usiiguse kwa diski za 78, itayeyusha. Na sabuni tunayopika sisi wenyewe haifai, soda yake ni kali. Tunasema kweli hata kama tunajiharibia biashara. Zikikauka, zisimamishe kama vitabu. Ukizilaza moja juu ya nyingine zinapindika, na joto la bati linamaliza kazi.

Mjukuu alitusaidia. Alidhani diski ina mistari mingi kama daftari. Tulimpa kioo cha kukuza tukamwambia aufuate mmoja kwa macho, na akagundua mwenyewe kwamba ni mtaro mmoja tu, unaoanza pembeni na kuzunguka mpaka katikati, kama njia ya konokono. Kuta za mtaro huo zina mawimbi madogo, sindano inatetemeka ndani yake, na kutetemeka huko ndiyo sauti. Alikaa na kioo kile zaidi ya nusu saa. Fizikia ile anaisoma kwa ajili ya mtihani, na hakuwahi kuiona.

Kisha tukazipanga kwa miaka. Mara nyingi mwaka haukuandikwa, lakini majina ya miji yanasaidia. Karatasi ikisema Léopoldville au Elisabethville, diski ni ya kabla ya 1966, kwa kuwa mwaka huo miji ilibadilishwa majina. Ikisema Kinshasa na République Démocratique du Congo, ni kati ya 1966 na 1971. Ikisema Zaïre, ni kati ya 1971 na 1997. Diski za 45 zenye wimbo mmoja uliokatwa vipande viwili, nusu upande huu na nusu upande ule, nyingi ni za miaka ya Zaïre, wakati nyimbo ziliporefuka. Tulipata za African Jazz tatu, moja yenye alama ya Surboum, ambayo ilikuwa kampuni ya Kabasele mwenyewe. Tulipata OK Jazz nyingi, na za makundi ya kwetu yaliyohamia Nairobi.

Kwenye mfuko wa diski moja ya 45 ya African Fiesta Sukisa, ya Docteur Nico, kulikuwa na maandiko ya kalamu ya bluu. Mjukuu alisoma kwa sauti kabla hatujamzuia: jina la mtoto, neno «amezaliwa», na tarehe ya mwaka 1969.

Kambo akamwambia arudie kusoma. Akarudia.

Ilikuwa mzaliwa wao wa kwanza. Surua ilimchukua kabla hajatimiza mwaka. Hakuna picha yake, hakuna karatasi ya ubatizo iliyobaki, na mama alituambia kwamba baba yule hakulitaja jina lile tena hata siku moja, miaka yote waliyokaa pamoja. Alikuwa amemkasirikia kwa ajili hiyo. «Nilizania ni miye peke nilikuwa namukumbuka», akasema. Tukamuuliza kama alijua diski ile. Alisema aliisikia mara nyingi sana. Baba alikuwa anaipiga usiku peke yake, na yeye kitandani alifikiri anawaza wanawake wa nje.

Tuliipiga. Nico hakuwa mtu wa makelele, gitaa lake linasema polepole na kila neno unalisikia. Upande wa kwanza ulikuwa na mikwaruzo mingi kuliko diski zote za kartoni. Mama alikaa na mfuko wa karatasi juu ya magoti, na mjukuu akaenda kuchemsha chai bila kuambiwa.

Baadaye tulitazama mifuko mingine yote. Mitatu ilikuwa na maandiko: watoto wawili waliobaki hai, na siku moja ambayo hakuna aliyejua maana yake, hata mama. Alisema ibaki hivyo.

Siku ya kwanza tulikuwa wawili pamoja naye kijana alipofika. Hatumwiti mwizi. Alitaja bei, naye mwenye mali hakujua bei, na biashara ndivyo ilivyo sokoni kila siku. Lakini alipoona diski zimeoshwa, zimesimama, zimepangwa kwa miaka, na wamama wawili na daftari, alikaa chini akaanza kusema kwa namna nyingine. Tulikataa bei ya kartoni. Tulitaka bei ya diski moja moja. Alizishika, akazitazama kwenye mwanga, akaweka pembeni zile za African Jazz mara moja, na kwa hiyo tulijua ni zipi anazozitaka kuliko nyingine. Ile ya Surboum mama alikuwa ameitaka kuibakiza, kisha akabadilisha mawazo mbele yetu, akaiuza kwa bei ya peke yake. Mwisho wake ni diski 31 kwa dolari 70. Alilipa palepale, akatia sahihi kwenye daftari, na feza zikaingia mkononi mwa mama mwenyewe, si mwa shemeji aliyekuwa amesimama mlangoni tangu asubuhi kwa sababu asiyoisema.

Pengine tungepata zaidi kama tungengoja mnunuzi wa pili. Tulibishana juu ya hilo njiani kurudi, na bado tunabishana. Lakini tarehe ya mwisho ya kulipa ilikuwa siku ya tano. Dolari 70 hazikutosha pamoja na deni. Iliyobaki ilitoka kwenye likelemba yetu, na mama atairudisha zamu yake ikifika. Jina la mjukuu limeandikwa kwenye orodha ya mtihani. Tumeliona kwa macho yetu.

Diski sita zilibaki kwa mama: ile ya Nico, mbili za watoto, ile ya siku isiyojulikana, moja ya OK Jazz anayosema ni kwa ajili ya kucheza tu, na moja ya Mpongo Love, ambayo mjukuu aliiomba.

Mkutano ujao wa diski ni siku ya posho ya kwanza ya mwezi unaokuja, saa nane, mahali palepale. Mama mjane atakuja na ile ya OK Jazz. Mwenye diski za Tshala Muana aje nazo, tulisema tangu alipofariki mwaka 2022 kwamba tutampa siku yake, na hatujampa. Sindano ya mashine imeanza kuchoka, inapiga «s» kama nyoka. Mama wa Kampemba aliyesema ana mpya ndani ya sanduku la marehemu kaka yake, tafadhali itafute. Na karanga mara hii ziletwe na wale ambao mara iliyopita walizila tu.